Ufukwe gani Unguja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaopanga likizo ya baharini

Majibu haya ni ya mtu anayekuja Unguja kwa siku chache, ana picha za fukwe kadhaa kwenye simu, na zote zinafanana: mchanga mweupe, maji ya samawati, mnazi mmoja ulioinama. Picha haikwambii maji yako wapi saa nne asubuhi, wala upepo unatoka upande gani mwezi huo. Kwa hiyo hapa tunaanza na maji na upepo. Hoteli baadaye.

Ufukwe upi ni mzuri kuliko zote?

Inategemea unakuja kufanya nini, lakini sitakuacha hewani. Ukitaka kuogelea saa yoyote bila kuuliza mtu, nenda Kendwa. Ukitaka nafasi, matembezi marefu na kijiji ambacho bado ni kijiji, nenda Jambiani. Utulivu na kivuli cha minazi utavipata Pongwe. Vijana, muziki na upepo wa kutosha, Paje. Nungwi ina kila kitu, kelele zikiwemo. Matemwe ni kwa anayetaka kukaa karibu na kisiwa cha Mnemba kwa ajili ya samaki na matumbawe.

Mimi ningekwenda Jambiani. Lakini hilo ni jibu la mtu ambaye haoni taabu kusubiri maji, na si kila aliyeomba likizo ya siku nne kazini ana subira hiyo.

Nimefika pwani ya mashariki na bahari haipo. Imekwenda wapi?

Imekupwa, na itarudi. Hili ndilo linalowashangaza wageni wengi, hasa wa bara waliozoea ziwa, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Pwani yote ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe na Uroa, kushuka hadi Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi, ina mwamba wa matumbawe uliotanda mbali na ufuko. Mahali pengi mwamba huo uko kilomita moja au zaidi kutoka mchangani. Katikati ya mwamba na mchanga ni maji mafupi juu ya sakafu iliyo karibu tambarare. Kina cha bahari hapa kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu siku za bamvu, yaani siku za maji makubwa, na sakafu ikiwa tambarare, mita tatu za kushuka ni mwendo mrefu wa kurudi nyuma. Ndiyo maana asubuhi unaweza kufungua mlango wa chumba ukaona mchanga mtupu hadi kule mawimbi yanapovunjika, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wanatembea pale ulipotarajia kupiga mbizi.

Mgeni akiambiwa mapema huona ni raha. Asipoambiwa huona ametapeliwa.

Nitajuaje maji yatajaa saa ngapi?

Njia ya kisasa ni programu za simu zinazoonyesha maji kujaa na kupwa. Tafuta jedwali la Zanzibar. Njia ya wavuvi ni mwezi, na hii haihitaji chaji.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvu: maji hujaa sana na hukupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana, hayakupwi sana. Anayeifuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali lake tayari. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 hivi ni bamvu; tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 hivi ni mafu.

Sasa saa. Siku za bamvu hapa Unguja maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukifika Jambiani siku ya mwezi mpevu, asubuhi tembea, mchana kula na kulala, jioni ogelea. Ukifika wiki moja baadaye, maji yatakuwa juu kwenye saa nne za asubuhi, na yakipwa jioni hayatakwenda mbali. Kwa mtu anayetaka mashariki na pia anataka kuogelea, siku za mafu ndizo za kukata tiketi. Sijaona hoteli inayolitangaza hili, na ni habari ya bure.

Basi si niende Nungwi au Kendwa tu, yaishe?

Unaweza. Ncha ya kaskazini sakafu yake inashuka haraka, kwa hiyo hata maji yakipwa unapiga hatua chache tu na umefika kifuani. Kendwa, inayotazama magharibi, ndiyo yenye mchanga mpana na maji yaliyotulia zaidi.

Mambo ya kujua kabla ya kulipa: si Nungwi yote iko hivyo. Upande wa mashariki wa kijiji, ukishapita mnara wa taa, maji hukupwa kama Matemwe. Hoteli ikijiita "ya Nungwi" waulize iko upande gani wa mnara. Pili, siku za bamvu maji yakijaa, sehemu nyingine mchanga wa kukalia unabaki mwembamba na mawimbi yanagonga kuta za hoteli. Tatu, hapa ndipo watu walipo. Siku za Idi, Krismasi na mwaka mpya usitegemee kusikia sauti ya bahari.

Hata hivyo Nungwi ina kitu ambacho pengine watu wanakipita wakienda kupiga picha: mafundi wanaounda vyombo vya mbao pale pale ufukweni. Mbao zinakunjwa, zinapigwa misumari, nyufa zinazibwa kwa pamba na mafuta, na chombo kikubwa kinaweza kukaa miezi mingi juu ya magogo. Salimia, uliza kazi ya nani, na watakueleza. Ukipiga picha bila kusalimia watakueleza pia, ila kwa namna nyingine.

Kusi na kaskazi zinanihusu nini mimi mgeni?

Zinakuhusu kuliko idadi ya nyota za hoteli. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kutoka kaskazini mashariki. Joto ni kali na bahari kwa jumla ni nzuri, ila fukwe zinazotazama upande huo hupata mawimbi. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Hewa ni ya baridi kidogo, jioni unaweza kutafuta kitu cha kujifunika, na pwani ya kusini mashariki hupigwa na upepo mchana kutwa. Kendwa hukingika vipindi vyote viwili kwa sababu inatazama magharibi.

Upepo huo huo unaomkera anayetaka kulala mchangani ndio unaowaleta Paje wachezaji wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara kubwa juu ya ubao. Juni hadi Septemba na Desemba hadi Februari anga la Paje linajaa tiara. Inapendeza kuangalia, lakini kama una mtoto mdogo wa kuogelea, sogea kilomita mbili tatu upande wowote. Kamba za tiara zile hazina mchezo.

Na kwa wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam: kusi ikishika kasi, mkondo wa bahari kati ya Dar na Unguja unachafuka. Kaa sehemu ya nyuma chini, usile pilau ya kushiba kabla, chukua dawa ya kichefuchefu.

Nije mwezi gani?

Januari na Februari kwa jua na maji maangavu. Juni hadi Oktoba kwa hali ya hewa isiyochosha. Julai na Agosti bei zinapanda kwa sababu Ulaya ni likizo. Machi mwishoni hadi Mei ni masika, mvua ni ya kweli, hoteli nyingine hufunga, lakini zinazobaki wazi hupunguza bei sana. Vuli ya Novemba hunyesha na kuacha, usiiogope.

Mwezi wa Ramadhani njoo ukiwa unajua. Mchana vijijini hakuna kula wala kunywa hadharani, migahawa mingi ya kawaida imefungwa, hoteli zinahudumia wageni ndani. Baada ya futari mji unaamka. Kwa Mwislamu ni wakati mzuri mno wa kuwa hapa. Kwa anayetafuta baa na muziki, si wenyewe.

Ukiwa huku Julai, ulizia Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mwaka mpya wa jadi, wanapopigana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita na kibanda kikachomwa moto. Kutoka Jambiani ni karibu.

Nina watoto. Wapi hawatanipa presha?

Kendwa wakati bahari imetulia. Pongwe wakati maji yamejaa, kwa kuwa ghuba yake ni ndogo na mwamba unavunja mawimbi mbali. Lakini watoto wengi wanaipenda zaidi Jambiani au Bwejuu maji yakiwa yamepwa, jambo ambalo wazazi hawalitarajii. Mashimo ya maji yanabaki mchangani kama mabeseni, yana joto, yana kaa wadogo, konokono na samaki wa ukubwa wa kidole, na kina chake hakifiki magoti.

Tahadhari moja, na hii ni kwa wakubwa pia. Maji yanaporudi hayaji kwa mbele tu kama pazia. Yanapita kwanza kwenye mikondo na mabonde ya mchanga, yanakuzunguka, na yanajaa kati yako na ufuko wakati wewe bado uko pakavu ukipiga picha mwamba. Ukitaka kutembea hadi mwambani nenda maji yakiwa bado yanapungua, ongozana na mwenyeji, na ukiona akina mama wanaochokoa pweza wanageuza kurudi, geuza nawe.

Kumbuka pia kwamba fukwe nyingi hazina waokoaji. Macho ya mzazi ndiyo mlinzi.

Wale akina mama wanaoinama kwenye maji wanafanya nini?

Wapo wa aina mbili. Wenye fimbo au chuma kirefu wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba. Wenye magunia na kamba ni wakulima wa mwani.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu mwanzo umekuwa kazi ya wanawake zaidi. Utaona vigingi vimepigwa mchangani kwa mistari, kamba imetandwa kati ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa kijikamba. Kazi hufanyika maji yakiwa yamepwa, hasa siku za bamvu. Unakua kwa wiki kama sita, unavunwa, unaanikwa juani, unauzwa kwa kilo ukiwa mkavu, na mwingi husafirishwa nje kwenda kutolewa utomvu wa kufanya vitu kama dawa ya meno na aiskrimu viwe vizito. Mwani mnene, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwa sababu maji ya karibu na ufuko yamezidi joto, kwa hiyo wengi wamebaki na mwembamba wenye bei ndogo. Paje wapo wanaoutengenezea sabuni, na sabuni hiyo ni zawadi bora kuliko sumaku ya friji.

Usikanyage kamba, usipite katikati ya shamba, usimpige mtu picha kabla ya kumsalimu. Shikamoo inafungua mengi huku.

Na mwani unaorundikana ufukweni na kunuka?

Huo ni wa porini, umeng'olewa na mawimbi na kuletwa na upepo. Hutokea zaidi pwani ya mashariki, huja na kuondoka. Hauna madhara. Ukiona hoteli imeandika kwamba kwake haufiki kabisa, iulize tena.

Nataka kuogelea kwa stara. Kuna mahali pa kuniweka huru?

Swali hili tunaulizwa sana, hasa na dada zetu kutoka Dar, Tanga na Mombasa. Baharini hakuna anayekuuliza ulichovaa. Wanawake wa hapa wenyewe huingia majini na nguo zao na mtandio. Tatizo, kama lipo, ni bwawa la hoteli, ambapo baadhi hudai vazi maalumu la kuogelea. Vazi la kufunika mwili lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea kwa kawaida hukubalika, lakini uliza kabla ya kulipa, usingoje kuzozana na mhudumu.

Kwa faragha, Pongwe, Uroa na sehemu za Bwejuu zilizo mbali na hoteli kubwa zinafaa, hasa asubuhi siku za mafu. Nungwi na Kendwa wikiendi, hapana.

Jua linazama wapi vizuri?

Kendwa na Nungwi magharibi. Mjini, ukiwa Forodhani. Na kwa anayekaa mashariki ambako jua huchomoza tu, kuna Michamvi Kae: rasi ya Michamvi ina pande mbili, Pingwe inatazama bahari kuu, Kae inatazama ghuba ya Chwaka kuelekea magharibi. Unavuka rasi kwa mguu au bodaboda na unapata machweo ukiwa bado upande wa mashariki wa kisiwa. Pingwe ndipo palipo na ule mgahawa maarufu wa The Rock juu ya jiwe, unaofikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa mtumbwi yakijaa. Nenda ukauangalie. Kula ni hiari na mfuko wako.

Mnemba, Changuu, fungu la Nakupenda: nichague lipi?

Mnemba kisiwa chenyewe ni cha hoteli moja, hutashuka. Watu huenda kwenye matumbawe yanayokizunguka, ambayo ni hifadhi na yana ada ya kuingia. Hakikisha bei uliyopewa ina ada hiyo ndani. Samaki ni wengi kweli. Boti nazo ni nyingi kweli, kwa hiyo ondoka mapema, kutoka Matemwe ikiwezekana, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu.

Nakupenda ni fungu la mchanga karibu na Mji, halina mti hata mmoja. Hapa kanuni inageuka: mashariki unafuata maji yakijaa, Nakupenda unafuata yakipwa, maana bamvu likijaa fungu linamezwa. Siku za bamvu, maji yakipwa kwenye saa nne asubuhi, ndio wakati wake. Kofia, maji ya kunywa, na nahodha anayejua saa ya kurudi.

Kisiwa cha Changuu ni kwa kobe wakubwa, ambao asili yao ni zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na kwa jengo lililojengwa liwe jela miaka ya 1890 likaishia kuwa karantini. Ufukwe wake ni mdogo. Watu wengi huunganisha Changuu na Nakupenda siku moja.

Kabla hamjapanda chombo chochote: bei muipatane nchi kavu, kwa kichwa au kwa boti isemwe wazi, na makoti ya kuokolea yahesabiwe. Yakiwa pungufu, shukeni.

Kisiwa cha Chumbe ni habari nyingine, hifadhi binafsi yenye matumbawe yaliyotunzwa na mnara wa taa wa 1904. Ghali. Ukiweza, nenda.

Kizimkazi kuna pomboo. Inafaa?

Pomboo wapo. Kinachokera ni boti kadhaa kukimbizana na kundi moja na watu kurukia vichwani mwao. Mwambie nahodha mapema kwamba hutaki kukimbiza; akizima injini na kusubiri, mara nyingi pomboo hupita wenyewe. Ukiwa huko ingia Kizimkazi Dimbani uuone msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Vaa nguo ya heshima na uombe ruhusa.

Naweza kuogelea pale Forodhani?

Angalia vijana wakipiga makachu, yaani kujirusha majini kutoka ukutani, washangilie, kula urojo. Kuogelea karibu na bandari na mifereji ya mji, hapana.

Kuna vitu vya kuchoma au kuuma?

Wa kumwangalia zaidi ni yule mdudu mweusi mviringo mwenye miiba mirefu, anayekaa kwenye mawe na majani. Mwiba ukikuingia huvunjikia ndani, na wenyeji hutumia utomvu wa papai bichi kuutoa. Viatu vya maji vinamaliza tatizo. Vinauzwa mjini na fukweni, na viatu vya plastiki vya sokoni vinafaa vile vile. Yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea majini, huja kwa vipindi, wengi wao wanawasha tu. Samaki aitwaye taa hujificha mchangani, kwa hiyo ukitembea kwenye maji mafupi buruta miguu, atakusikia na kuondoka.

Wewe nawe usiwe wa kuuma. Kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, ukimtoa majini kwa ajili ya picha unampa taabu. Anapumua kwa vijimirija vilivyo mwilini mwake na hewa haimfai. Katika safari nyingine manahodha huwapanga mchangani watu wapige picha. Kataa kwa upole, wataacha wakiona wateja hawataki. Matumbawe usiyakanyage. Makombe na makoa ya kununua, yaache dukani.

Mchanga huu mbona haunichomi miguu hata saa nane?

Kwa sababu si mchanga wa mawe ya bara. Ni matumbawe, makombe na mimea ya chokaa iliyosagika, mweupe, unaorudisha mwanga badala ya kuushika. Sehemu yake imepita tumboni mwa pono, ambaye huguguna matumbawe na kuyatoa yakiwa unga. Kumbe usingizi wa pono anaustahili.

Weupe huo huo ndio unaokuunguza uso ukiwa chini ya mwavuli, kwa sababu jua linakurudia kutoka chini. Watu weusi pia huungua. Paka mafuta ya kujikinga, vaa fulana ya mikono mirefu ukienda kuangalia samaki, maana mgongo ndio unaokaa juani saa nzima bila wewe kuhisi.

Hoteli zimejipanga ufukweni. Naruhusiwa kupita?

Watu hupita kutwa, wavuvi, wauza madafu, watoto wa shule, na wageni wanaotembea kutoka hoteli hadi hoteli. Vitanda na miavuli ni vya wateja. Mlinzi akikuuliza, msalimie na umwambie unapita. Mara nyingi mazungumzo yanaishia kwenye matokeo ya Simba na Yanga.

Na mapapasi?

Wapo bandarini na ufukweni, wanauza safari, spaisi, bangili na maneno. Wewe unayejua Kiswahili una nafuu kubwa. "Asante kaka, leo napumzika" linatosha, likisemwa kwa tabasamu na bila kusimama. Usimwahidi "kesho" kama huna nia, kesho atakuwepo.

Nivae nini nikitoka ufukweni?

Vazi la kuogelea linaishia mchangani. Ukiingia kijijini, dukani au kwenye daladala, mabega na magoti yafunikwe, na wanaume wavae shati. Kanga moja ndani ya mkoba inatatua yote haya. Pombe ni hotelini na kwenye baa zenye leseni, si kutembea nayo kijijini.

Nitatumia kiasi gani, na mkazi analipa sawa na mgeni?

Bei hubadilika sana kwa msimu, kwa hiyo sitaandika tarakimu zitakazokudanganya mwezi ujao. Linalodumu ni hili: hoteli nyingi zina bei ya mkazi ambayo haiandikwi kwenye mitandao ya kuwekea nafasi. Piga simu, sema unatoka wapi, uliza bei ya mkazi kwa shilingi. Ukitoka Kenya au Uganda, uliza kama wana bei ya Afrika Mashariki, baadhi wanayo. Njoo na kitambulisho, kwa sababu nauli ya boti nayo ina viwango tofauti vya raia na mgeni.

Wanaotoka nje ya Tanzania waje na pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana inaweza kuulizwa. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wa nje kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ilipie kwenye tovuti rasmi kabla ya kusafiri.

Penye gharama ndogo kwa jumla ni Jambiani, Bwejuu na Nungwi ya ndani, ambako kuna nyumba za wageni za wenyeji. Kula mama lishe wa kijijini: wali, samaki wa kupaka, mchicha. Samaki ni yule yule wa hotelini, ametoka kwenye ngalawa moja.

Je, niende Pemba, Mafia au Lamu badala yake?

Pemba ukitaka kuwa peke yako: Vumawimbi, kaskazini karibu na msitu wa Ngezi, ni ufukwe mrefu ambao unaweza kuukuta hauna mtu. Malazi ni machache. Mafia si ya fukwe hasa, ni ya kuzamia na ya papa potwe, Oktoba hadi Februari. Lamu ina Shela, kilomita kama kumi na mbili za mchanga na vilima vyake, na mji wa kale wa kutembea jioni. Kwa likizo ya kwanza ya bahari, Unguja ni rahisi zaidi kwa usafiri.

Nikitua Mjini nafikaje ufukweni?

Daladala zipo kwenda karibu kila kijiji: 116 ni ya Nungwi, 309 ya Jambiani, 324 ya Bwejuu, 326 ya Kizimkazi. Vituo vya kuondokea vimekuwa vikihamishwa, kwa hiyo ukishuka muulize dereva wa bodaboda "gari za Nungwi zinasimama wapi siku hizi?" Nauli ni ndogo, mwendo ni wa pole, magunia ya mkaa na ndizi yana haki sawa na wewe. Zinapungua sana jioni. Ukifika na boti ya alasiri, kodi gari, ikiwezekana mgawane na abiria wengine, kwa sababu Nungwi ni kama kilomita 60 na Paje kama 50, na usiku ng'ombe na baiskeli zisizo na taa huwa barabarani.